Kudai, Kubadilika, Kukubali au Kulia: Njia Nne za Kumpelekea Mungu Haja Yako

Swali ni la zamani kuliko kanisa lolote la Malindi. Kama Mungu anajua haja zetu kabla hatujafungua mdomo, kumwomba kuna kazi gani? Aliyelizua ni Yesu mwenyewe. Katika Mathayo sura ya 6 anawaambia wanafunzi kwamba Baba yao anajua wanayohitaji kabla hawajamwomba, kisha papo hapo anawafundisha sala iliyojaa maombi: riziki ya leo, msamaha, kuokolewa na yule mwovu. Maneno hayo mawili yamekaa jirani kwa karibu miaka 2000, na kila kizazi cha Wakristo kimelazimika kuamua kitaishi nayo vipi.

Ninachoandika hapa ni kwa mtu mwenye haja ya kweli. Ana mtoto mgonjwa, au kazi ya hotelini iliyokwisha watalii walipoondoka, au mume aliyesafiri kutafuta maisha na simu yake haipatikani tena. Ameomba hadi magoti yameota sugu, na sasa anajiuliza aendelee, abadili namna ya kuomba, au aache. Mji huu haumnyimi ushauri. Akizunguka Jumapili moja kutoka Kisumu Ndogo hadi Barani atausikia wote. Penye spika kubwa ataambiwa adai haki yake. Wasomi watamwambia sala humbadilisha anayesali, basi. Kwenye mafundisho ya katekisimu ataambiwa Mungu amekwisha kupanga. Nyanya yake atamwambia amlilie Mungu mpaka asikie.

Nimeziweka njia hizo nne bega kwa bega na kuziuliza maswali mawili. La kwanza: siku jibu likiwa "hapana", lawama inamwangukia nani? La pili: katika sala hiyo, anayeombewa ni nani? Hoja nyingine zipo, na baadhi nitazigusa, lakini kwa miaka yangu ya ukatekista hayo mawili ndiyo niliyoyaona yakiwatenganisha waliobaki na imani na walioitupa.

Kudai

Njia hii imejengwa juu ya Marko 11:24, kwamba yoyote tuyaombayo tuamini tumeyapokea, nayo yatakuwa yetu. Namna inavyohubiriwa leo iliivia Marekani katika karne ya 20. Kenneth Hagin alifundisha kwamba mwenye imani hutamka kitu na kukipokea. Oral Roberts akaeneza fundisho la mbegu: sadaka unayotoa ni mbegu, na Mungu atakurudishia mavuno. Kwetu fundisho hilo liliingia kwa mikutano ya uwanjani, likaja kwa televisheni, sasa limo katika simu ya kila mtu, na namba ya kutumia sadaka imeandikwa chini ya uso wa mhubiri.

Tuitendee haki kwanza. Inamfundisha maskini kwamba yeye ni mtoto wa nyumbani, wala si ombaomba wa mlangoni. Katika pwani hii, ambako watu wengi wamelima kwa vizazi ardhi isiyo na hati, hilo si jambo dogo kuambiwa. Nawajua wanaume walioacha pombe ya mnazi na kurudi kwa wake zao kwa sababu ya makanisa hayo. Na njia hii haioni haya kukitaja kitu kwa jina lake. Anayetaka cherehani anasema "cherehani". Katika hilo iko karibu na Biblia kuliko sala nyingi za kistaarabu zinazozunguka mbuyu.

Sasa niulize swali la kwanza. Jibu likiwa "hapana", hesabu ya njia hii inaishia kwa muombaji tu. Mungu ameahidi, ahadi yake haikosei, kwa hiyo imani yako ndiyo pungufu, au kuna dhambi umeificha, au mbegu ilikuwa haba.

Mama mmoja wa upande wa Maweni ana binti mwenye ugonjwa wa seli mundu, ugonjwa uliozoeleka pwani kwa sababu damu za watu wetu zimeishi na malaria tangu kale. Kila siku mtoto humeza kidonge kidogo cha njano cha foliki asidi, na kingine cha kumkinga na malaria. Mwombezi mmoja alimwambia mama huyo kwamba vidonge vile vinashuhudia dhidi yake: utasemaje umepokea uponyaji huku unameza dawa? Akavitia kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya kabati. Haukupita muda mrefu mtoto akashikwa na maumivu ya mifupa, miguu haikanyagi, macho yamegeuka manjano. Akalazwa, akaongezwa damu, akapata nafuu. Nilipokwenda kuwaona, mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na leso yake imelowa. Hakuniuliza kuhusu damu wala dawa. Aliniuliza: "Mwalimu, imani yangu ilipungukia wapi?"

Hapo ndipo ninapoikataa njia ya kudai. Kutopokea kungeweza kuvumilika. Lakini inampa mama aliyekesha mzigo wa pili juu ya ule aliokuja nao, na mzigo wenyewe ni wa uongo. Yesu aliulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akajibu: si yeye wala wazazi wake.

Kumtafutia muombaji kosa si tabia ngeni mjini hapa. Mwaka 1542 Mtakatifu Francis Xavier alitua Malindi akielekea Goa, akamzika hapa mtu mmoja aliyefia chomboni. Kikanisa cha Wareno kinachohusishwa na ujio wake bado kipo karibu na bahari, na makuti yake na makaburi uani. Katika barua aliyoiandika baadaye kutoka Goa anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji alimuuliza kama Wakristo huko kwao bado wanahudhuria sala. Mtu huyo alikuwa na uchungu. Alisema mji una misikiti 17 na watu wanakwenda mitatu tu, na alidhani balaa hilo limetokana na dhambi fulani kubwa. Xavier akamjibu kwa ukali kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasio Wakristo. Nampenda mtakatifu huyu, lakini jibu lile linaniuma kila nikilisoma. Mtu alikuja na huzuni juu ya sala, akarudishwa na hukumu juu ya nafsi yake. Mwombezi wa kidonge cha njano alifanya kazi ile ile.

Wapo pia walioipeleka sala maabara. Mwaka 1872 Mwingereza Francis Galton alihoji hivi: wafalme huombewa maisha marefu na taifa zima kila Jumapili, kwa nini basi hawaishi zaidi ya matajiri wengine? Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani ulioongozwa na daktari Herbert Benson. Wagonjwa 1,802 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita waligawanywa makundi matatu. Baadhi waliombewa bila kujua kwa hakika kama wanaombewa, baadhi hawakuombewa, na baadhi waliombewa wakijua. Kati ya makundi mawili ya kwanza hakukuwa na tofauti. Waliojua wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo: asilimia 59, dhidi ya 52 ya walioombewa bila kuwa na hakika. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakatakiwa wamwombee siku 14.

Mimi utafiti huo haunivunji moyo, lakini siutupi. Anayehubiri kwamba sala ya imani hutoa matokeo kila mara, kama dawa kwa kipimo, ndiye anayepaswa kuujibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa ahadi inayoweza kupimwa.

Na siwezi kuandika juu ya mada hii kutoka Malindi nikanyamazia Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, watoto wakiwemo. Ni watu waliofunga kula wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Makanisa ya kudai si Shakahola, na atakayeyachanganya atawaonea watu wengi wema. Ila tumejionea mahali fundisho linapofika pale linapomwambia mtu kwamba mwili wake ukilia ni imani yake inayokosa. Baada ya mwaka ule mimi sioni tena kuwa suala la kwa nini tunaomba ni mazungumzo ya walioshiba.

Kwa swali la pili, anayeombewa ni nani, njia hii mara nyingi hujibu: mimi, nyumba yangu, hatima yangu, adui zangu.

Kubadilika

Hii nitaipita upesi zaidi. Inasema sala haimsogezi Mungu, inamsogeza anayesali. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1793 kwamba kudhani tunamweleza Mungu matakwa yetu, ilhali hahitaji kuelezwa, ni ushirikina. Chenye thamani ni moyo wa kutaka kutenda yanayompendeza. Leo utasikia jambo hilo hilo kwa maneno laini zaidi kutoka kwa wahubiri ambao hawajamsoma Kant.

Uzuri wake ni uaminifu. Haiahidi kisichopatikana, haimtozi mtu pesa, haimzuii kwenda hospitali. Lawama haimwangukii yeyote, kwa kuwa hakuna aliyetegemewa kutenda. Na ni kweli sala hubadilisha watu. Mtu akimwombea kwa jina jirani waliyegombana kuhusu mpaka wa shamba, ataona vigumu kuendelea kumchukia.

Lakini mpeleke mwenye fundisho hilo kwenye kile kitanda cha hospitali. Mama yule hakuwa anaomba awe mtulivu. Alikuwa anaomba damu ipatikane na mtoto asife. Ukimwambia lengo la sala yake lilikuwa tabia yake mwenyewe, umemgeuza binti yake kuwa chombo cha mazoezi ya kiroho ya mamaye. Kumwombea mwingine kunageuka njia ndefu ya kujishughulikia mwenyewe. Na muombaji akishagundua kwamba hakuna anayesikiliza humo isipokuwa yeye mwenyewe, huwa anaacha, tena kwa haki.

Kukubali

Hii ndiyo njia ya walimu wakubwa wa Kanisa, na ni ya hapa barani kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Origen, mzaliwa wa Aleksandria nchini Misri, aliandikiwa na rafiki yake Ambrose mnamo mwaka 233 hivi swali lile lile la kwetu: kama Mungu anajua yote na amekwisha kuyaamua yote, si sala ni bure? Akajibu kwamba Mungu aliyejua tangu mwanzo yatakayotokea alijua pia nani ataomba na ataomba nini, na sala hiyo ikawekwa ndani ya mpango. Karibu miaka 180 baadaye Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimwandikia Proba, mjane tajiri aliyekimbilia Afrika baada ya Roma kutekwa mwaka 410. Alimwambia Mungu hahitaji kufundishwa tunachotaka. Anataka hamu yetu ipate mazoezi, ili tuweze kupokea anachoandaa, maana ni kikubwa nasi ni wadogo. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, akalifunga hivi: hatuombi ili tubadili alichopanga Mungu, bali ili tupate yale aliyopanga yapatikane kwa maombi.

Someni tena hilo la Aquinas. Tofauti yake na Kant ni kubwa. Kwa Kant ombi halileti kitu. Kwa Aquinas linaleta: kuna mambo Mungu ameamua kuyatoa kupitia mikono ya watu, na mengine kupitia midomo yao. Kumwombea mgonjwa kunakuwa kazi halisi, sawa na kumfunga kidonda.

Kwa akili, hii ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko zote nne. Mungu hageuki kuwa mtu wa kubembelezwa, wala muombaji hawi mjinga. Inamwombea yeyote bila tatizo. Na "hapana" haimgeukii mwenye kuomba.

Shida yangu nayo naiona matangani. Tukimzika kijana aliyezama na chombo, mtu atasimama na kusema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Huenda haina. Ila chombo kile hakikuwa na jaketi hata moja la kujiokolea, na wote waliokaa chini ya turubai wanajua. Origen hakufundisha hivyo, wala Augustino, lakini ndivyo fundisho lao linavyofika kijijini: kama kifuniko. Linaziba kinywa cha mama kabla hajamaliza kulia, na linamsitiri mwenye chombo. Mpango wa Mungu ukitajwa mapema mno unawafaa zaidi waliokosea. Ndiyo maana jibu la swali langu la kwanza hapa ni gumu. Rasmi lawama haimwangukii mtu. Kwa vitendo inapotea hewani, hata ile ambayo ilistahili kumfikia mtu fulani.

Kulia

Luka sura ya 11. Mtu anakwenda kwa rafiki yake usiku wa manane, anabisha, anataka mikate mitatu. Rafiki amekwisha funga mlango, watoto wamelala. Anabisha mpaka anapewa. Hadithi hiyo huhubiriwa kama somo la kutokata tamaa, na wahubiri wa kudai huipenda sana. Nashangaa ni wangapi wanaoruka sababu ya ile mikate. Yule mtu hakuwa na njaa. Amefikiwa na mgeni kutoka safarini na hana cha kumwandalia. Mtu wa pwani anaielewa aibu hiyo mwilini mwake: mgeni ameketi barazani, ndani hamna hata unga. Ombi la usiku wa manane ni kwa tumbo la mwingine. Na Sala ya Bwana yenyewe haina "nipe" hata moja. Ni "utupe".

Njia hii inachukulia kwamba ombi linamfikia Mungu kweli na linaweza kuleta tofauti. Musa, katika Kutoka 32, anabishana na Mungu juu ya watu waliotengeneza ndama, na hukumu inaghairiwa. Mfalme Hezekia anageukia ukutani analia, naye anaongezewa miaka 15. Mwanamke Mkanaani katika Mathayo 15 anakataliwa, anajibu, anashinda hoja, na binti yake anapona. Upande wa pili yupo Paulo, aliyeomba mara tatu mwiba wake uondolewe na ukabaki. Yupo Yesu Gethsemane aliyeomba kikombe kimwepuke, kisha akasema lakini si kama nitakavyo mimi. Kikombe hakikumwepuka. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema imani ya Yesu usiku ule ilikuwa pungufu, na hapo hesabu yote ya wenye kudai inaanguka.

Hoja nzito dhidi ya njia hii naijua. Baba mwema hangoji kuombwa. Kama Mungu angeweza kumponya mtoto, akamwacha kwa sababu tu hakuna aliyetaja jina lake, huyo ni Mungu gani? Swali hilo halijibiki kwa sentensi moja. Jibu lililonisaidia zaidi ni la mwanafalsafa Mmarekani Eleonore Stump, la mwaka 1979. Anasema urafiki kati ya mwenye uwezo wote na asiye na uwezo uko hatarini daima: dhaifu anaweza kumezwa, au kudekezwa mpaka aharibike. Ombi linalinda urafiki huo, kwa sababu dhaifu anabaki na neno la kusema juu ya maisha yake. Sisi Malindi tunalielewa hilo kwa sababu ya wafadhili. Yupo anayekuja na pampu ya maji akaiweka anapopenda yeye, na baada ya msimu mmoja imekufa, hakuna anayejali kuitengeneza. Na yupo anayekaa mkekani kwanza akauliza, "Jamani, mnataka nini?" Maji ni yale yale, lakini kijiji cha pili kimebaki na ulimi wake.

Hilo halimalizi kitendawili cha mtoto asiyeombewa na mtu. Aquinas anasaidia zaidi hapo, na ndiyo maana siitupi njia ya tatu. Naiweka chini kama msingi na kusimama juu yake nikilia. Kitu ambacho njia ya nne inacho, na nyingine hazina, ni malalamiko. Zaburi ya 13 inamuuliza Bwana hata lini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, bila mstari wa kufarijiwa, na Kanisa limeiweka katika sala zake za usiku hadi leo. Siku ya "hapana", lawama inaelekezwa kwa Mungu mwenyewe, mbele ya uso wake, na Biblia imempa mlalamikaji maneno ya kuisema. Anayemlaumu Mungu katika sala bado anasali.

Tuzipime kwa mvua

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na huku kwetu Kilifi, Ganze na Magarini, tulizikwa na vumbi la mizoga ya ng'ombe. Wakristo waliomba. Waislamu walitoka kusali sala ya mvua. Wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, walitambika. Tarehe 14 Februari 2023 Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa huko Nakuru, na masika ya mwaka ule yakaja. Kisha mwishoni mwa mwaka huo huo zikashuka mvua za El Niño, Mto Sabaki ukavimba, mashamba ya kandokando yakazama na watu wakahama na magodoro vichwani.

Mwenye kudai alishangilia mwezi Machi, Novemba sikumsikia. Mwenye kubadilika hakuwa na la kumwambia mkulima wa Magarini wakati wowote kati ya hizo mbili. Mwenye kukubali aliweza kueleza yote, ukame na mafuriko, kwa sauti ile ile, na sauti hiyo ndiyo iliyowachosha watu. Mwenye kulia alilia ukame, akashukuru masika, akalia tena mafuriko. Hakulazimika kupiga hesabu ya sala ya nani iliyoleta tone lipi. Yesu alikwisha sema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki.

Uchague ipi basi

Kama kanisani kwako uponyaji una bei, au umeambiwa uache dawa, ondoka. Usingoje uongozi mpya, wala usione unamwacha Mungu.

Kama huamini tena kwamba kuna anayesikia, usijilazimishe kupiga kelele. Anza na njia ya pili kwa uaminifu wake, omba upewe moyo wa kutenda lililo jema, na umwombee mtu mmoja kwa jina. Siichagui kwa ajili yangu, lakini nimeona watu wakirudi kupitia mlango huo.

Kama wewe ni mtu wa kufikiri na kinachokusumbua ni hoja ya Mungu anayejua yote, msome Aquinas na barua ya Augustino kwa Proba. Zitakutosha kwa akili. Ila usizipeleke matangani kabla mwili haujazikwa.

Na kama una haja inayokuchoma, shika ya nne. Taja kitu chenyewe. Omba kama mtu anayetarajia kupewa, ongeza "lakini si kama nitakavyo mimi" ukiwa umekwisha kusema utakavyo, wala usiitangulize kama ulinzi dhidi ya kukataliwa. Ukikataliwa, sema umeumia. Halafu angalia mgeni wa nani ameketi barazani bila chakula.

Katika jumuiya yetu tuna daftari la nia, la mistari, jalada limeliwa na unyevu wa bahari, kalamu imefungwa kwa uzi. Watu huandika kabla ya kuanza: "figo za baba", "karo", "mwanangu aache miraa", "kazi, hata ya usiku". Tulikuwa tunasoma, tunaomba, tunafunga. Sasa tumepiga mstari wa wima upande wa kulia wa kila ukurasa, na mbele ya kila nia panaandikwa jina la anayeshika ombi hilo pamoja na mwenye haja: atakayempeleka kliniki, atakayekwenda kuongea na kijana, atakayeuliza kazi kule anakofanya yeye. Nia nyingine hubaki bila jina mbele yake, kwa kuwa hakuna binadamu anayeiweza, na hizo ndizo tunazoziombea kwa muda mrefu zaidi. Mbele ya seli mundu pameandikwa majina mawili, la kwenda na mama siku ya kliniki na la kubaki na wadogo zake nyumbani.